Mkwe Wangu na Gari Lisilotulia

Usiku wa Jumatano ile mimi na mkwe wangu Tusekile, mke wa mwanangu, tulikaa jikoni tukiisikiliza barabara. Mume wangu Ambilikile aliondoka mchana kupeleka ndizi Kiwira kwa gari lake, na saa nne ya usiku ilishapita bila yeye kurudi. Simu yake haikupatikana. Mvua ilikuwa inanyesha tangu jioni, na mimi nilishaipita kila kona ya njia ile kichwani mwangu, na kwenye kila kona nikamwona mume wangu amelala mtaroni.

Tusekile hakuwa na wasiwasi wa aina yangu. Alikuwa amemfunga mtoto wake mgongoni, amefumba macho, na kila chombo kilipopita aliniambia ni kipi. Hilo ni lori la majani ya chai. Hiyo ni pikipiki, na mwenye nayo hajabadilisha oili tangu Pasaka. Hilo ni gari la watu wa shule. Nilimuuliza kama anaweza pia kumsikia mtu aliyelala mtaroni. Akasema mtu hana mlio wa kumtambulisha, labda awe anakoroma.

Ilipokaribia saa sita akafumbua macho.

"Ndiye, mama," akasema. "Lakini gari linaumwa. Analikanyagia mafuta muda wote, anaogopa kuachia."

Alikuwa ameshasimama. Kabla taa za gari hazijafika getini, alitokea mlango wa nyuma na kupotelea migombani, kuelekea nyumba yake.

Asiyetoka kwetu anaweza kudhani wamegombana. Hapana. Kwetu mke wa mtoto hakutani na baba mkwe. Hawali pamoja, hawapeani mkono, hawatazamani usoni, hawapandi gari moja. Wakikutana njiani, mwanamke anaingia migombani mpaka mzee apite. Hiyo ndiyo heshima yenyewe. Tukuyu mjini wapo waliolegeza, na nimesikia kuna nyumba wanatazama televisheni pamoja. Huku kijijini kwetu Suma bado, na mume wangu atakuwa wa mwisho kulegeza. Kwa miaka minne aliyokaa na Tusekile kwenye uwanja mmoja, ninavyojua mimi amemwona kisogo mara mbili.

Basi nikatoka nje na mwavuli. Gari likaja, likafika getini, likapita. Nikabaki nimeduwaa. Likaenda mpaka uwanja wa mpira wa shule, likazunguka, likarudi, likapita tena, na safari hii mume wangu akatoa kichwa dirishani akanifokea nifungue geti, nimekaa kama mgeni. Nililifungua kwenye mzunguko wa tatu. Aliingia kwa kasi, akasimama karibu na baraza, na alipoinua mguu tu gari likaanza kutetemeka lote, vioo, milango na matenga ya ndizi, kama mtu mwenye homa ya malaria. Kisha likazima.

Alibaki humo ndani, mikono kwenye usukani.

Nilimtoa maneno polepole, kwa chai ya tangawizi. Gari lilikuwa linakwenda vizuri likikimbia, ila likisimama halitulii, linatetemeka na kuzima, na likishazima stata hailiwezi mpaka lisukumwe. Kutoka Kiwira lilimzimia mara mbili, akasubiri watu wa kusukuma hadi simu ikaisha chaji. Mara ya pili walipolisukuma likawaka, aliapa hatainua mguu mpaka afike nyumbani. Hivyo hakusimama kwa mtu yeyote. Alimpita hata Mzee Amoni, mzee wetu wa kanisa, aliyekuwa amesimama kwenye mvua anapunga mkono. Alimpigia honi tu.

"Honi ya namna gani?" nikauliza, maana nilishaanza kuogopa Jumapili.

"Ya heshima," akasema.

Asubuhi alipokuwa amelala bado, nilienda kulitazama lile gari. Ni stesheni wagoni ya kijivu, ya zamani, na mume wangu huitunza kama watu wengine wanavyotunza jino la dhahabu. Husema mbele ya yeyote kwamba gari lake halijawahi kuguswa na mkono usio wa fundi. Nilikaa kwenye kiti chake nikatazama mbele. Pale penye saa ya mwendo kulikuwa na stika ndogo ya kwaya, imebandikwa pembeni mahali pa ajabu, juu ya kioo, ambapo haimsifu Mungu wala haisomeki. Nikaiinua kwa kucha. Chini yake pakawa patupu. Nikageuza ufunguo kidogo, kama nilivyomwona yeye akifanya, na taa ya njano yenye picha ya injini ikaniwakia usoni.

Alipoamka nikamuuliza. Akasema magari yote ya umri ule yana taa ile, ni kama mvi. Nilipomuuliza kwa nini basi anaifunika, akasema inamwumiza macho usiku.

Sasa nieleze kuhusu Tusekile, maana habari hii ni yake.

Ana miaka ishirini na saba. Alizaliwa karibu na Kiwira, kwenye nyumba iliyopakana na gereji ya baba yake mdogo, na mama yake aliniambia kwamba mtoto yule alijua kutofautisha spana kabla ya kujua kutofautisha shangazi zake. Baadaye akaenda chuo cha ufundi Mbeya, msichana peke yake darasani. Alipoolewa na mwanangu Asukile alikuwa anafanya kazi kwa Prosper, mwenye gereji Tukuyu mjini. Mimba ilipoanza kuonekana Prosper akamwambia apumzike kwanza, kwa kuwa wateja wakiona tumbo linatokea chini ya gari wanapata hofu. Akapumzika. Mtoto akazaliwa, Asukile akaenda Dodoma kwenye ujenzi, na Prosper hakumwita tena.

Tangu hapo anatengenezea migombani. Pikipiki, mashine ya kusaga ya jirani, pampu ya kunyunyizia dawa. Ana bisibisi ndefu anayoigusisha kwenye injini huku mpini ameuweka sikioni, kama daktari, na mara moja nilimkuta anapima hivyo chungu changu cha maharage. Nilimuuliza kina ugonjwa gani. Akasema kinahitaji chumvi.

Alichokitaka Tusekile kilikuwa kimoja, na nyumba nzima ilikijua: banda la barabarani. Kwenye kona ya uwanja wetu mume wangu alijenga banda la mabati la kuwekea ndizi, kisha akaacha kulitumia. Lilikuwa na kufuli, na ndani hamkuwa na kitu ila matenga mabovu na ngazi iliyovunjika. Gari linaweza kuingia mle. Tusekile alilitaka liwe gereji yake. Lakini Obed, mtoto wa shemeji yangu, naye alilitaka afunge televisheni awaonyeshe vijana mpira. Mume wangu alisema atatoa jibu Jumapili baada ya ibada, na kila aliyemjua alijua jibu.

Alhamisi ile nilimpelekea ombi la Tusekile kwa mara ya tatu, maana yeye mwenyewe hawezi kwenda kumwomba.

"Mkwe wangu afungue gereji," akasema mume wangu. "Mwenye gari akija, fundi anakimbilia migombani?"

"Wenye magari wote si baba wakwe zake."

Akafikiri. Kisha nikaona tabasamu fulani, lile la mtu aliyeona mlango wa kutokea wenye maua.

"Basi aanze na langu. Likitulia kabla ya Jumapili, banda ni lake. Lisipotulia, Obed anafunga televisheni. Na ile taa izime."

Alilisema kwa furaha kwa sababu alikuwa na uhakika. Gari lile lilishapita kwa mafundi wawili ndani ya miezi mitatu, na mimi ndiyo kwanza nilikuwa nasikia. Prosper alibadilisha plagi zote nne, halafu akasafisha nozeli. Ackson wa Kiwira alilipima kwa ile mashine ya kuchomeka kwenye gari ikasoma ugonjwa, akaizima taa, na taa ikawaka tena kabla mume wangu hajafika nyumbani.

Nilimpelekea Tusekile habari. Hakucheka.

"Shahidi nani?"

"Mimi."

"Basi mama usife kabla ya Jumapili."

Ijumaa alfajiri, mzee akiwa ndani anakunywa chai na mlango umefungwa, Tusekile aliliwasha gari. Likawaka mara moja. Likatulia kama paka kwenye majivu. Taa ya njano ilikuwa inawaka, lakini injini haikutikisika hata kidogo. Aliinua boneti, akasikiliza kwa bisibisi kila upande, akazima. Kutoka dirishani mume wangu akaniambia, kwa sauti ya kufika mbali, kwamba gari limepona kwa kusikia tu jina la fundi. Akaenda Tukuyu kupeleka ndizi, akarudi saa saba na jua linawaka, na sote tukaona lile gari linavyotetemeka getini. Alishuka upesi akiwa ameweka jiwe kwenye pedali ya mafuta lisizime. Hiyo ilikuwa mbinu yake mpya. Aliposhusha matenga yake yote, akalizima.

Hapo ndipo nilipoiona shida ya mkwe wangu. Gari likiwa baridi linatulia. Likiwa la moto linaumwa. Na likiwa la moto, baba mkwe yumo. Kila mara Tusekile alipoweza kulisogelea, lilikuwa limeshapoa na ukungu umeshashuka, na halina ugonjwa wowote. Gari lilimheshimu kuliko wote.

Jioni akanipa maswali matatu nimpelekee mzee. Mimi niliishia darasa la saba, lakini kitu nikikisikia hakitoki. La kwanza, mashine ya Ackson ilisema nini. La pili, tatizo lilianza lini. La tatu, kuna mtu asiye fundi amewahi kugusa mipira ya hewa kwenye injini.

Nilimkuta amekaa kwenye baraza. Swali la kwanza akajibu kwamba Ackson alisema hewa ni nyingi na mafuta ni kidogo, maneno ambayo yeye aliona ni ya kipumbavu, kwa kuwa hewa ya Rungwe ni hiyohiyo kwa magari yote. La pili akasema tangu Februari, wakati wa mvua. Kwenye la tatu akavua kofia yake, akaipuliza vumbi, akaivaa.

"Hakuna," akasema.

Nimeishi na mtu huyu miaka thelathini na moja. Nilirudi kwa Tusekile nikamwambia, "Amesema hakuna. Na amepuliza kofia."

"Kofia ilikuwa na vumbi?"

"Haikuwa nalo."

Tusekile akatikisa kichwa polepole. Kisha akanieleza kwa namna ambayo hata mimi niliielewa. Injini inavuta hewa kwa njia moja, njia ambayo hewa inapimwa, ili ipewe mafuta yanayoitosha. Kukiwa na tundu mahali pengine, hewa nyingine inaingia kwa wizi, bila kupimwa, na mafuta yanakuwa hayatoshi. Ni sawa na kunywa soda kwa mrija uliotoboka. Ukivuta kwa nguvu unapata kitu, ndiyo maana gari likikimbia linakwenda. Ukivuta taratibu unapata upepo mtupu, ndiyo maana likisimama linatetemeka. Tundu lipo, akasema. Kinachomshinda ni kwa nini asubuhi linaziba.

"Nipatie gari likiwa la moto, mama. Dakika kumi tu. Bila yeye."

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, siku ya mwisho. Sikulala vizuri. Nilikuwa sijawahi kumdanganya mume wangu kwa jambo kubwa, na madogo sikuyahesabu. Nilimwomba Mungu msamaha mapema ili mchana nisichelewe.

Saa saba na nusu gari likaingia getini likitetemeka. Mume wangu akaweka jiwe lake kwenye pedali, akafungua mlango, na kabla hajagusa tenga la kwanza nikamkimbilia nikiwa nimeshika kichwa. Nikamwambia ng'ombe amekata kamba, amekwenda bondeni, na maharage ya Mzee Amoni yako hukohuko.

Alikuwa na deni la honi kwa Amoni. Alikimbia kama kijana.

Tusekile alitokea migombani na chupa ya maji yenye kifuniko kilichotobolewa. Aliinua boneti, akaniambia nitoe jiwe. Nikalitoa. Gari zima likaanza kutetemeka, nami nikatetemeka nalo. Akaanza kunyunyiza maji kidogo kidogo, mpira mmoja baada ya mwingine, akisikiliza. Kwenye ule wa kwanza mlio haukubadilika. Wa pili, hivyohivyo. Akainama mpaka kifua kikagusa injini, akapenyeza mkono nyuma kabisa, kule ambako mafundi wengine hawakujisumbua kufika, akanyunyiza.

Gari likatulia.

Sikuamini. Akaacha kunyunyiza, na baada ya muda kidogo likaanza tena kutikisika. Akanyunyiza, likatulia. Akaniita nije nitazame. Nyuma kule palikuwa na mpira wenye unene wa kidole, umepasuka, na mahali ulipopasuka umezungushiwa kamba ya mgomba, imekazwa vizuri, na juu yake fundo. Niliposogeza macho nililijua lile fundo. Lina masikio mawili na mkia mfupi unaopita chini. Kila mkungu wa ndizi uliowahi kutoka kwenye uwanja huu umefungwa kwa fundo lile, na mwenye nalo hujisifu kwamba watu wa Suma nzima wamejaribu kumwiga wakashindwa.

"Kamba ikinywa umande usiku inavimba, inaziba," akasema Tusekile taratibu, karibu anajisemea. "Injini ikiwa ya moto inakauka, inalegea."

Tukatazamana. Akitangaza kwamba kosa ni la mzee, amemvunjia heshima kubwa kuliko kumtazama usoni mara mia. Akinyamaza akaubadilisha mpira kimyakimya, mzee atasema gari limepona lenyewe, na Jumapili Obed atafunga televisheni.

Na hapo nikasikia viatu. Mume wangu alikuwa anarudi kutoka bondeni kupitia banda la ng'ombe, ambako alimkuta ng'ombe amefungwa kamba mbili, anacheua.

Tusekile hakuwa na pa kukimbilia. Alijikunja nyuma ya boneti iliyoinuliwa, mkono mmoja ukiwa bado ndani umeshikilia kitambaa chenye maji kwenye ule mpira. Mume wangu akafika upande wa mlango wa dereva. Akaona miguu chini ya bampa. Papo hapo akainua uso akaanza kuyachunguza mawingu, kama mtu aliyetumwa na idara ya hali ya hewa.

Alitaka kunigombeza kuhusu ng'ombe, nikaona. Lakini masikio yake yakamtangulia. Gari lilikuwa limewaka, jiwe halipo, na halitikisiki.

"Mama Asukile," akaliambia wingu, "gari limepona lenyewe?"

Nikageukia boneti. "Anauliza kama limepona lenyewe."

Alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake na alisikia kila neno, lakini maneno hayana budi kupita kwangu.

"Mwambie baba halijapona," Tusekile akasema. "Kuna mpira ulipasuka. Mtu aliufunga."

"Anasema kuna mpira ulipasuka na mtu aliufunga."

Mume wangu akavua kofia. Akaipuliza.

"Mtu gani?"

"Anauliza mtu gani."

Tusekile akakikandamiza tena kitambaa. Kisha akasema, kwa sauti laini, ya unyenyekevu kabisa, "Mwambie baba simjui. Lakini ni fundi. Pale mkono hauingii, na gizani ndiyo kabisa, na fundo alilolifunga sijaona kama lile hata chuoni. Bila yeye gari lingekufa barabarani miezi mitatu iliyopita. Kosa ni la kamba kukauka. Fundo halina kosa lolote."

Sikupata hata nafasi ya kurudia.

"Na nililifunga kwa mkono mmoja," akasema mume wangu. "Tochi iko mdomoni. Mvua inanyesha."

Mawingu yakapita. Gari likaendelea kuwaka kwa utulivu. Nilimwona mume wangu akiyasikia maneno yake mwenyewe, moja moja, yanavyorudi. Alivaa kofia, akaivua, safari hii hakuipuliza. Nyuma ya boneti mabega ya Tusekile yalikuwa yanatikisika, na injini ilikuwa haitikisiki. Mpaka leo nikimuuliza kama alimtega kwa sifa, hunijibu kwamba alisema ukweli tupu. Labda. Lile fundo kweli ni zuri.

Ndipo mzee akanieleza mimi, yaani wote wawili. Mpira ulimpasukia Februari njiani, akaufunga kwa muda tu ili afike, akakusudia kununua mwingine. Ukashika. Akasahau. Gari lilipoanza kuumwa akaona aibu kuwaambia mafundi, baada ya miaka yote ya kusema hakuna mkono uliogusa, na akawaacha wabadilishe plagi nzima nzima huku yeye akiwa ndiye mtu pekee anayejua penye jeraha. Kila walipofunga boneti alitumaini kwamba tatizo lilikuwa kwenye walichokibadilisha.

Alipomaliza akasimama kidogo, akatafuta pa kutokea, akapaona.

"Basi, Mama Asukile, kwa kuwa siri nimeitoa mimi, gari tumelitengeneza wawili. Hilo la banda nitalifikiria."

Akaenda zake ndani. Tusekile akanyooka, uso umelowa jasho na maji.

"Alisema likitulia," akaniambia. "Hakusema nani atoe siri."

"Alisema pia taa izime."

Alikuwa na kipande cha mpira kinacholingana, alichokitoa kwenye injini iliyokufa zamani gerejini kwa Prosper. Alikifunga na kukikaza kwa kleme mbili za kubania, akatoa waya wa betri, akaacha gari likae hivyo muda wa kupika ugali na kuula. Alipourudisha na kuwasha, ile picha ya injini iliwaka kidogo pamoja na taa nyingine zote, kisha ikazima nazo. Tukaliacha lingurume peke yake mpaka mtoto akalala kwa mlio wake. Halikutikisika. Stika ya kwaya niliibandua mwenyewe nikaibandika kwenye kioo cha nyuma, inakosomeka.

Jumapili mume wangu akalipeleka gari kanisani. Kwa kawaida hulizima mbali na mlango. Siku ile alilisimamisha karibu na ngazi akaliacha linawaka wakati watu wanaingia, yeye amekaa ndani na dirisha wazi, akimsubiri Mzee Amoni apite alisikie. Amoni alipita, akamwambia afadhali leo umesimama. Lakini kuhusu banda, kimya. Ibada ikaisha, kimya. Njiani, kimya. Nyumbani alikula, akachukua nyundo na msumeno, akaenda kwenye banda, akaingia na kujifungia kwa ndani.

Obed akafika saa tisa na mabenchi mawili juu ya mkokoteni, amevaa shati la timu yake. Aliposikia misumari inagongwa mle ndani akafurahi sana. Aliniambia baba mkubwa anamtengenezea mahali pa kuweka televisheni. Akapanga mabenchi mbele ya mlango, akakaa kwenye moja, akanikaribisha kwenye jingine.

Sikukaa. Tusekile alikuwa nyuma ya banda, kwenye migomba, amembeba mtoto, na nilitaka kuwa naye jibu litakapokuja. Alikuwa kama usiku ule wa Jumatano, amefumba macho, anasikiliza. Msumeno ukasikika. Kisha nyundo. Kisha msumeno tena, karibu zaidi.

"Mama," akasema, "anakata bati la nyuma."

Nikatazama. Ncha ya msumeno ilikuwa inatokeza kwenye ukuta ule uliotuelekea, inashuka polepole, ikafika chini, ikanyamaza. Bawaba zikagongwa. Muda mrefu ukapita. Upande wa barabara Obed alikuwa anapiga mluzi.

Kisha sauti ya mume wangu ikatoka mle ndani, kupitia bati.

"Mama Asukile. Yupo hapo?"

"Yupo."

"Mwambie gari likiletwa na mtu ambaye hapaswi kuonana naye, mtu huyo ataingia kwa mbele, na fundi atatokea kwa huku. Nimeupima mlango, unamtosha hata akiwa na mtoto mgongoni."

Nikamwambia. Alikuwa ameshika mkono wangu, na mkono wake ulikuwa na oili ambayo sabuni haijawahi kuiweza.

"Sasa mwambie ageuke, nitoke."

Tusekile akageuka, akatazama bondeni, uso wake umejificha kwenye kichwa cha mtoto. Mbele kule mlango ulibaki umefungwa, na Obed na mabenchi yake. Huku nyuma bati likasukumwa mara moja, likagoma, likasukumwa tena, na mlango mpya ukafunguka.